Kunguni wa Muheza

Katikati ya miaka ya 1980, pale Ubwari karibu na mji wa Muheza, palikuwa na vibanda ambavyo havikuwa makazi ya mtu. Jioni wanaume waliolipwa kwa kazi hiyo waliingia humo, wakashusha chandarua, wakalala. Alfajiri ilianza kazi ya kuhesabu mbu. Kibanda cha aina hiyo husimama juu ya msingi uliozungushiwa mfereji wa maji, ili sisimizi wasipande usiku wakala mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. Sakafuni hutandikwa shuka nyeupe, maana mbu mfu juu ya udongo haonekani. Chini ya paa huachwa uwazi wa kuingilia mbu, kama ulivyo kwenye nyumba nyingi za eneo hilo la Bondei, na nje kuna veranda zilizozibwa kwa wavu pamoja na mitego madirishani, ili mbu aliyeingia akataka kutoka anaswe. Mwokotaji hupita na kijibomba chenye mpira mdomoni, akawanyonya mmoja mmoja na kuwatenga: huyu mzima, huyu mfu, huyu kashiba damu, huyu katoka na njaa. Usiku unaofuata waliolala hubadilishana vibanda, kwa kuwa wapo watu ambao mbu huwapenda kuliko wenzao, na hesabu isingekuwa ya haki.

Mtindo huo haukubuniwa Ubwari. Alec Smith, mtafiti wa taasisi ya viuatilifu ya Arusha, aliueleza kwenye jarida mwaka 1965, na dawa nyingi za mbu zimepimwa humo tangu hapo. Safari hii kilichopimwa ni kitambaa. Vyandarua vilichovywa kwenye permethrini, dawa ya viwandani iliyoigwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto, na vingine vikatobolewa makusudi, kwa sababu chandarua cha nyumbani hakimalizi mwaka bila kutoboka. Mwaka 1987 watafiti Jo Lines, Myamba na Chris Curtis walichapisha walichokiona: chandarua kilichotoboka, kikiwa na dawa, kilimkinga aliyelala karibu sawa na chandarua kizima kisicho na dawa. Mbu alitua, akagusa, akafa au akakimbia kabla hajalipata tundu.

Kilichobadilika pale ni hesabu ya sumu. DDT ilikuwa ikipulizwa gramu 2 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenye mita za mraba 100 za kuta na paa la ndani ilimeza gramu 200 kila wapulizaji walipopita. Chandarua kilitaka gramu 0.2 kwa mita ya mraba, yaani gramu 2 au 3 kwa kitanda kizima. Atakaye kubishana atasema kwamba dawa hizi mbili hazilingani ukali, gramu kwa gramu, na atakuwa na haki. Hata hivyo sumu ilikuwa imeondolewa ukutani, darini na juu ya vyungu, ikawekwa kwenye kitambaa kimoja ambacho mdudu hana budi kukigusa akimfuata mtoto.

Walimu wakuu na wazazi wanaouliza leo namna ya kuwaondoa kunguni, mende na panya shuleni bila kuwadhuru wanafunzi wana historia ndefu ya kujifunzia, na sehemu kubwa yake ilitokea kati ya milima ya Usambara na bahari.

Muheza haikuangukiwa na utafiti huo kwa bahati. Robert Koch alifika Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890 akitafuta mahali pa juu pasipo malaria, ambapo wakoloni wa Kijerumani wangeweza kukaa wakapumua. Akaandika kwamba wenyeji wa milimani walimweleza kuwa wakishuka bondeni huumwa na mbu, kisha hupata homa. Ndiyo kwanza Ronald Ross alikuwa ameviona vimelea ndani ya mbu huko India, Agosti 1897. Wasambaa hawakuhitaji hadubini. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, juu ya milima hiyo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza taasisi hiyo ilitengeneza kwinini kutokana na miti ya sinkona iliyopandwa palepale. Baadaye Waingereza waliihamishia Kenya kazi ya kilimo, na majengo yakachukuliwa na kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki. Kitengo hicho kilianzia Muheza mwaka 1949, kikapanda Amani mwaka 1951 chini ya Dkt. Donald Bagster Wilson. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Amani ikabaki mikononi mwa Tanzania, na hatimaye ikawa kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Bagster Wilson na wenzake walianza kazi katika zama ambazo dunia nzima ilikuwa imelewa DDT. Paul Müller aliigundua nguvu yake dhidi ya wadudu mwaka 1939 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilikuwa rahisi, haikuwa na harufu kali, na ukuta uliopulizwa uliendelea kuua kwa miezi. Ndugu yake, dieldrini, alikuwa mkali zaidi. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi mkubwa uliofanywa chini ya milima ya Upare na ng'ambo ya mpaka huko Taveta. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba za eneo hilo zilipulizwa dieldrini kila baada ya miezi minane hivi.

Matokeo yalikuwa makubwa, na ni vyema kuyasema kabla ya lawama. Anopheles funestus, mbu anayependa kukaa ndani ya nyumba na kumuuma binadamu, karibu atoweke kabisa. Nafasi yake ilijazwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, asiyekuwa na madhara makubwa kwa watu. Watafiti Gillies na Smith waliandika habari hiyo mwaka 1960. Watoto wenye vimelea walipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Upulizaji ulipokoma mwaka 1959 malaria haikurudi siku ileile. Ilirudi kidogo kidogo, na watafiti wa Amani wakaifuatilia miaka ya 1960 yote, wakiandika ilivyopanda. Waliopulizwa hawakuachiwa kitu cha kushika baada ya bomba kuondoka. Kinga ilikuwa ukutani, na ukuta ulipokandikwa upya kinga ikafunikwa na udongo.

Kuhusu dieldrini yenyewe, dunia haikuchukua muda mrefu kuona upande wake wa pili. Katika nchi mbalimbali wapulizaji walianguka na kukakamaa kama wenye degedege, kwa kuwa dawa ile hupenya kwenye ngozi na kuingia kwenye mishipa ya fahamu. Rachel Carson alichapisha kitabu chake kuhusu viuatilifu huko Marekani mwaka 1962. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka dieldrini na DDT pamoja kwenye orodha ya kemikali 12 za kwanza za kuondolewa duniani, DDT ikiachiwa mlango mmoja tu, wa kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004.

Mtoto ndiye anayeumia zaidi, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, anakula zaidi na kunywa zaidi. Anacheza sakafuni, ambako dawa hutua. Anatia mkono mdomoni. Ubongo wake bado unajengwa, na jamii nyingi za viuadudu huua kwa kuvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu, ambayo kwa mdudu na kwa binadamu hayatofautiani sana. Pale sumu inapopulizwa bwenini mchana na watoto wakarudi kulala usiku, anayevuta mabaki yake ni yule mwenye mwili mdogo kuliko wote humo.

Tunarudi Muheza. Baada ya vibanda, vikaja vijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na muongo uliofuata, watafiti wa NIMR na wenzao wa London, akiwamo Caroline Maxwell, waligawa vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya wilaya ile, mahali ambapo zaidi ya robo tatu ya watoto wadogo walikutwa na vimelea vya malaria damuni hata wakiwa wazima wanacheza. Uchovyaji ulifanyika hadharani. Beseni la plastiki, maji yaliyopimwa kulingana na kiasi ambacho kitambaa kinanyonya, dawa iliyopimwa kwa kikombe, glavu mikononi. Chandarua kilizamishwa, kikakamuliwa na kulazwa kikauke pale pale juu ya mkeka au godoro, kwani kikitundikwa kibichi dawa hutiririkia upindo wa chini. Kabla ya hapo tope la mwaka mzima lilikuwa limefuliwa, wenye vitanda wakitazama. Mwaka 1998 Curtis na wenzake walichapisha ulinganisho wa vijiji vilivyopulizwa nyumba na vijiji vilivyochovya vyandarua, kwa dawa ya jamii moja. Njia zote mbili zilipunguza mbu na malaria, lakini kupuliza kulikula dawa nyingi zaidi, na watu walikipenda chandarua kuliko bomba.

Huko Kilifi, pwani ileile upande wa Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa theluthi moja mahali palipotumika vyandarua vyenye dawa. Baada ya hapo hoja ikaisha kuhusu malaria, ikabaki ya fedha. Curtis, hadi alipofariki mwaka 2008, alishikilia kwamba vyandarua vigawiwe bure kama chanjo, jambo lililowaudhi waliotaka viuzwe. Mimi naona muda umemhukumia yeye.

Lakini kilichowafanya watu wa Muheza wakipende chandarua kile hakikuwa malaria. Homa huja na kuondoka, na mtu hawezi kuona kwa macho homa ambayo haikumpata. Kilichoonekana asubuhi ya kwanza ni kunguni waliokufa kitandani.

Kunguni wa ukanda wa joto, Cimex hemipterus, haenezi malaria wala ugonjwa mwingine mkubwa unaojulikana. Kazi yake ni kumnyima mtu usingizi. Mchana hujificha kwenye viungo vya kitanda, kwenye mishono ya godoro la sufi au la makumbi, kwenye nyufa za ukuta, na hugundisha mayai yake humo. Usiku hufuata joto na pumzi ya aliyelala. Akina mama wa pwani walikuwa na ratiba yao ya kumkabili: kutoa vitanda nje, kuvimwagia maji yanayochemka kwenye viungo na kamba, kuanika magodoro juani. Kazi hiyo ilichosha na ilibidi irudiwe. Chandarua chenye permethrini kiliimaliza bila mtu kuinua sufuria. Bagamoyo, watafiti walipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 1999: kunguni walitoweka kwenye nyumba zenye vyandarua hivyo. Hapa ilikuwa bahati kwa wataalamu wa malaria, maana watu waliokuwa wavivu wa kuchovya upya kwa ajili ya mbu walichovya kwa ajili ya kunguni.

Kisha kunguni wakarudi.

Mwaka 2002 Myamba, Maxwell, Asidi na Curtis walichapisha makala fupi ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kusomwa na kila mkuu wa shule ya bweni Afrika Mashariki. Waliwachukua kunguni kutoka vijiji vya eneo la Muheza vilivyotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka kadhaa, wakawaweka juu ya karatasi na vitambaa vyenye dawa ileile, wakawalinganisha na kunguni wa mahali ambapo vyandarua hivyo havikuwahi kufika. Wale wa vijiji vya vyandarua walistahimili. Wazee wao wachache waliosalia siku za mwanzo walikuwa na kitu damuni kilichowaokoa, wakazaliana wao tu, na kizazi kilichorudi kitandani kilikuwa chao.

Hilo lilitokea kwa dawa iliyowekwa kidogo, mahali pamoja, kwa vipimo, chini ya macho ya wataalamu. Bwenini ambako mtu anapuliza kwa kukadiria, dawa hafifu leo na kali kesho, mambo hayawezi kuwa bora. Anayenunua kopo jipya la dawa ya jamii ya pareto kila muhula analisha ukoo ule ule wa kunguni, na kila muhula anaongeza kipimo kwa sababu cha jana hakikuua.

Chandarua kiliendelea kumkinga mtoto dhidi ya mbu hata baada ya kunguni kurudi. Kitambaa ni kizuizi, na mdudu hawezi kujifunza kupita katikati ya nyuzi. Miaka kadhaa kabla ya kunguni kurudi, baadhi ya watafiti hao hao walikuwa wamelipeleka wazo la kizuizi mbali zaidi, Zanzibar, na huko walijaribu kuacha sumu kabisa.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, ilikuwa na matende na mabusha kwa wingi. Karibu nusu ya watu waliopimwa mwishoni mwa miaka ya 1980 walikutwa na minyoo michanga ya ugonjwa huo damuni. Mbu aliyeieneza, Culex quinquefasciatus, yule mwenye kelele za usiku, alizaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Kazi ikafanywa na Maxwell, Curtis na wataalamu wa Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Watu walipewa dawa ya kumeza. Vyooni hawakupuliza kitu. Walimwaga chembe za polistireni, yale mapovu meupe magumu yanayofungiwa redio mpya. Chembe hizo hufika zikiwa ndogo mfano wa sukari. Zikichemshwa hutanuka mara nyingi, na gunia moja la chembe kavu likatosha vyoo vingi. Juu ya maji ya choo zilitanda tabaka nene la sentimita kadhaa. Kiluwiluwi akija juu kuvuta hewa hapati, na mbu jike akija kutaga hauoni uso wa maji. Kinyesi kinapita, chembe zinajifunga tena. Mbu wa Makunduchi walipungua kwa zaidi ya tisa kati ya kumi, na chembe hizo zilidumu miaka bila kuongezwa. Hakuna mbu anayeweza kuzoea kukosa hewa.

Shule ambayo vyoo vyake vimejaa maji na wanafunzi wake wanasinzia darasani kwa kuumwa usiku ina mengi ya kujifunza hapo, ingawa sharti ni moja: choo kikifurika wakati wa masika, chembe huelea zikaenda zake mtaroni.

Lushoto, juu milimani Usambara, ilifundisha somo jingine, na kwa machungu zaidi. Tauni ilizuka wilayani humo mwaka 1980, mara ya kwanza kurekodiwa katika milima ile, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa walikuwa wamezidi 7,000. Watoto, vijana na wanawake walikuwa wengi kati yao. Bukheti Kilonzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipita nyumba kwa nyumba: mahindi na maharage yamehifadhiwa darini juu ya jiko, panya wako juu, watoto wamelala sakafuni chini yao. Kiroboto ndiye daraja. Mtu mwenye hasira na panya hukimbilia sumu ya panya, na katika mlipuko wa tauni hilo ndilo kosa baya kuliko yote, maana panya akifa mwili ukapoa, viroboto wake humwacha na kutafuta mwenye damu ya moto aliye karibu. Kanuni ya kazi ni kuua viroboto kwanza, panya baadaye. Utafiti mwingine, wa Anne Laudisoit na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, uliongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: viroboto wengi ndani ya nyumba walikuwa wale wa binadamu, Pulex irritans, na vijiji vilivyokuwa nao kwa wingi ndivyo vilivyokuwa na historia ya tauni ya mara kwa mara. Kumwinua mtoto kutoka sakafuni na kumlaza kitandani, na kutoa nafaka nje ya chumba cha kulala, vikawa sehemu ya udhibiti wa wadudu sawasawa na unga wa dawa.

Wakati hayo yakiendelea milimani, sumu za zama zilizopita zilikuwa zimelala maghalani. Mwaka 1986 tani zipatazo 170 za viuatilifu, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake na DDT ikiwamo, zilifika kutoka Ugiriki kama msaada na kuhifadhiwa shamba la Vikuge, Kibaha. Banda lilianguka na mvua ikafanya yake. Korogwe ya zamani, mkoani Tanga, nako kulikuwa na ghala la namna hiyo. Maghala yalisafishwa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukipima udongo wa sehemu hizo mbili miaka 5 hadi 14 baada ya usafi, ulikuta DDT na wenziwe bado wamo ardhini. Nadhani kila mtu anayefungua stoo ya shule na kukuta chupa za dawa za mwalimu aliyehama miaka kumi iliyopita anapaswa kujua habari za Vikuge. Chupa hizo haziishi zenyewe.

Sheria ipo. Tangu Sheria ya mwaka 1979 ya Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Joto, TPRI, kiuatilifu hakipaswi kuuzwa bila kusajiliwa. Kazi hiyo sasa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyotokana na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Barabarani mambo ni mengine. Mchuuzi anapita na spika yenye sauti iliyorekodiwa, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto, papasi, na mkononi ana vichupa visivyo na lebo. Kilichomo mara nyingine ni dawa ya shambani iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, na anayeinunua kwa ajili ya bweni hana namna ya kujua ni ya jamii gani, watoto wakae nje saa ngapi, wala daktari aambiwe nini mtoto akianza kutoka udenda na kutetemeka.

Jikoni na kwenye stoo ya chakula hatari ni kubwa zaidi. Julai 2013, katika shule moja ya kijiji huko Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yenye monokrotofosi, dawa ya shambani. Mahindi na maharage ya shule zetu nayo huwekwa dawa, kwa sababu dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970 na ambaye wakulima walimbatiza Scania, anaweza kugeuza gunia kuwa unga kabla ya muhula kwisha. Hapa Tanga imo tena kwenye simulizi, maana mifuko ya PICS, ya kuhifadhi nafaka bila dawa, inafumwa na kiwanda cha mjini humo. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ukifungwa vizuri dumuzi hula hewa yote iliyomo, wakaacha kula nafaka, wakafa kwa kukosa hewa kama viluwiluwi wa Makunduchi. Mpishi haoshi dawa yoyote, kwa kuwa haikuwekwa. Adui wa mfuko ni panya na ncha za misumari.

Kuhusu bweni lenyewe, kazi ni ya mikono na haina fahari. Vitanda vya ghorofa vya chuma vina mabomba matupu, na miisho yake iliyo wazi ndiyo nyumba ya kunguni; izibwe. Viungo vimwagiwe maji yanayochemka, kwa sababu joto la nyuzi 50 hivi huua kunguni na mayai yake bila kujali ukoo wake umezoea dawa gani. Godoro nene haliivi ndani kwa kuanikwa saa mbili, hivyo lililochakaa sana litolewe, na zima livalishwe jaketi lenye zipu. Matranka yakaguliwe siku ya kufungua shule, kwani kunguni husafiri na wanafunzi pande zote mbili. Kufunga shule kwa likizo fupi hakuwamalizi. Wapo wanaovumilia wiki nyingi bila kula. Nyufa zipigwe lipu. Jambo ambalo halijafanyika ipasavyo shuleni, na ambalo California ililiweka kwenye sheria ya shule zake mwaka 2000, ni kuwaarifu wazazi na wafanyakazi kabla ya kupuliza na kubandika tangazo la dawa gani imetumika, wapi na lini. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Linahitaji kalamu, karatasi na mwalimu wa zamu.

Vibanda vya Muheza bado vinafanya kazi, siku hizi mahali paitwapo Zeneti, wilayani humo. Mbu wa wilaya ile nao wamefuata njia ya kunguni, na permethrini peke yake haiwaui kama ilivyowaua mwaka 1987, ndiyo maana vyandarua vinavyopimwa humo sasa huchanganywa na PBO, kemikali inayoiongezea permethrini na jamii yake nguvu, au dawa ya jamii nyingine kabisa. Shule inayopokea chandarua kipya cha aina hiyo na papo hapo kupuliza bweni kwa dawa ya jamii ya pareto iliyonunuliwa sokoni inalipa mara mbili: kwa kunguni ambao hawatakufa, na kwa mbu ambao wanapewa mafunzo ya ziada.